Maji ya dumu moja, wagonjwa tofauti: sukari za utumbo tulizorithi na maambukizi

Watoto wawili hunywa maji ya dumu moja na kula katika sinia moja, lakini mmoja huharisha usiku kucha ilhali mwenzake huamka salama. Sehemu ya jibu imo katika sukari ndogo mno zinazopamba ukuta wa utumbo, ambazo kila mtu huzirithi kutoka kwa baba na mama yake.

MAMBO MUHIMU

- Virusi na bakteria wengi wa tumbo hushikamana na sukari zilizo juu ya seli za utumbo kabla ya kuleta ugonjwa.
- Aina ya sukari hizo hutegemea jeni za urithi, zikiwemo zile za makundi ya damu. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.
- Hakuna urithi unaomkinga mtu na magonjwa yote ya kuharisha. Maji safi, choo, sabuni, chanjo na ORS humfaa kila mtu.

Swali la zamani la Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kati ya mji wa Mbarara na mpaka wa Tanzania. Upande huo wa mpaka ndiko uliko mji mdogo wa Endiinzi. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia machafuko nchini mwao, nayo ni miongoni mwa makazi ya kale kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, waliotawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Wengi kati ya wasikilizaji wetu hapa Australia waliishi huko kwa miaka mingi kabla ya kupata safari, na bado wana wazazi na ndugu huko.

Aliyewahi kuishi Nakivale anaifahamu hali hii. Nyumba ina watoto watano. Maji ni ya bomba moja, yaliyobebwa kwa madumu yale yale. Wawili wanaharisha hadi macho yanabonyea, wa tatu anaumwa tumbo siku moja tu, na wawili waliobaki wanacheza uani kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo maneno huanza. Mama mkwe husema mke wa mwanawe hajui usafi. Jirani humshuku jirani mwenzake kwa jicho la husuda. Wengine hunyoosha kidole upande wa pili wa barabara na kudai kwamba taifa fulani ndilo lililoleta maradhi. Maneno hayo huumiza, na mara nyingine humchelewesha mtoto kufikishwa kituo cha afya. Kwa hiyo ni vyema kujua sayansi inasema nini kuhusu tofauti hiyo.

Sukari hizi ni zipi?

Sukari tunazozizungumzia si zile za chai wala za soda. Hakuna chakula kinachoweza kuzibadilisha. Ni minyororo mifupi ya sukari ambayo mwili wenyewe huitengeneza na kuipachika juu ya seli zake, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ukuta wa ndani wa utumbo na ute unaoufunika umejaa minyororo hiyo.

Mfano unaojulikana zaidi ni makundi ya damu. Mwaka 1901 mwanasayansi wa Austria, Karl Landsteiner, alieleza makundi ambayo leo tunayaita A, B na O. Baadaye ilibainika kwamba tofauti ya makundi hayo ni tofauti ya sukari. Wote huanza na mnyororo mmoja wa msingi uitwao H. Wa kundi A huongeza sukari ya aina moja juu yake, wa kundi B huongeza ya aina nyingine, wa AB huongeza zote mbili, na wa kundi O haongezi kitu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sukari hizo hazikai kwenye damu peke yake. Kwa watu wengi huonekana pia katika mate, katika maziwa ya mama na kwenye ukuta wa utumbo. Kazi hiyo hufanywa na jeni iitwayo FUT2, iliyo katika kromosomu ya 19. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachopachika sukari iitwayo fukosi, na hivyo kuunda mnyororo wa H katika utumbo. Wenye jeni inayofanya kazi huitwa “watoaji”. Wale ambao jeni hiyo haifanyi kazi huitwa “wasio watoaji”: kundi lao la damu ni lile lile, lakini utumbo wao na mate yao hayana sukari hizo. Katika Ulaya na Afrika, takriban mtu 1 kati ya 5 si mtoaji.

Jeni ya pili, FUT3, hutengeneza sukari ziitwazo Lewis. Wazungu wasio na sukari za Lewis ni wachache, chini ya 1 kati ya 10. Katika jamii nyingi za Afrika idadi hiyo ni kubwa zaidi, na hufikia mtu 1 kati ya 5 au hata kupita hapo.

Ndugu hutofautianaje? Kila mtu hupokea nakala mbili za FUT2, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kumfanya mtoaji. Ikiwa baba na mama wote ni watoaji, lakini kila mmoja amebeba nakala moja isiyofanya kazi, basi katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto asiye mtoaji. Kwa hiyo watoto wa mama mmoja na baba mmoja, wanaolala mkeka mmoja, wanaweza kuwa na tumbo za namna mbili.

Virusi vinavyohitaji mahali pa kushika

Virusi haviwezi kuingia katika seli bila kushika mahali fulani kwanza. Virusi kadhaa vya tumbo hushika sukari hizi.

Ushahidi ulio wazi kabisa unatokana na norovirusi, vinavyosababisha kutapika na kuharisha kwa ghafla. Jina lao limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule moja waliugua mwaka 1968. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watu 77 waliojitolea walipewa virusi hivyo vya Norwalk kwa makusudi, chini ya uangalizi. Asilimia 29 kati yao walikuwa si watoaji, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa. Virusi havikupata mahali pa kushika.

Hata hivyo, norovirusi ni ukoo mkubwa. Zipo aina nyingine ambazo hushika sukari tofauti na kuwaambukiza hata wasio watoaji. Wasikilizaji wanaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee au vituo vya kulelea watoto wanavijua virusi hivi kwa jina la “gastro”. Wasidhani kwamba aliyepona mara moja, au ambaye hakuugua wenzake walipougua, hatapata tena. Na wakumbuke kwamba dawa ya mikono yenye alkoholi haivitoi vizuri virusi hivi. Sabuni na maji ya kutiririka ndiyo yanayofaa.

Kipindupindu na kundi O

Kwa watu wa Maziwa Makuu, neno kipindupindu hurejesha kumbukumbu nzito. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, na katika mwezi wa kwanza takriban watu 50,000 walifariki, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Februari 2018 ugonjwa huo ulizuka nchini Uganda miongoni mwa wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, hasa katika makazi ya Kyangwali.

Tangu mwaka 1977 watafiti wamekuwa wakiona kwamba wagonjwa mahututi wa kipindupindu ni wa kundi O kwa kiwango kisicho cha kawaida. Jambo hilo lilithibitishwa Bangladesh, na tena Peru, ambako janga la mwaka 1991 lilikuta nchi ambayo sehemu kubwa mno ya watu wake ni kundi O. Hapa panahitaji uangalifu: mtu wa kundi O haambukizwi kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Tofauti huja baada ya kuambukizwa, kwani yeye huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharisha sana na kuishiwa maji mwilini. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha maabara kwamba seli za utumbo za kundi O huitikia sumu ya kipindupindu kwa nguvu zaidi kuliko za kundi A.

Katika delta ya mto Ganges, ambako kipindupindu kimeua watu kwa karne nyingi, kundi O ni haba kuliko sehemu nyingi za dunia. Wanasayansi wengi wanaona hapo alama ya ugonjwa juu ya urithi wa watu: walioweza kustahimili waliishi na kuzaa.

Chanjo ya virusi vya rota barani Afrika

Kwa watoto wachanga, adui mkubwa zaidi miongoni mwa virusi vya tumbo ni rota. Vilitambuliwa mwaka 1973 hapa Australia, katika mji wa Melbourne, na Ruth Bishop pamoja na wenzake wa Hospitali ya Watoto ya Royal Children's, walipochunguza vipande vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha kwa darubini ya elektroni. Jina “rota” ni neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa sababu ya umbo la virusi hivyo.

Chanjo za matone ya mdomoni zilipatikana miaka ya 2000. Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kuzitoa kati ya mwaka 2012 na 2013, Kenya mwaka 2014, na Uganda mwezi Juni 2018, kwa dozi mbili, ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10. Lakini majaribio yalikuwa yameonyesha jambo la kutia wasiwasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, chanjo ilizuia ugonjwa mkali wa rota kwa takriban asilimia 77 Afrika Kusini, lakini kwa asilimia 49 tu Malawi. Jaribio jingine la Ghana, Kenya na Mali lilipata takriban asilimia 39. Katika nchi tajiri kinga hiyo hupita asilimia 80.

Sababu ni kadhaa. Lishe duni ni mojawapo. Nyingine ni utumbo uliochoshwa na maambukizi ya mara kwa mara, na kingamwili ambazo mtoto amezipokea kwa mama yake na ambazo huidhoofisha chanjo kabla haijafanya kazi. Sukari za utumbo ni sehemu ya maelezo hayo.

Aina ya rota inayoenea zaidi duniani hupendelea utumbo wenye sukari za H na za Lewis, na chanjo iliyotumika Malawi na iliyoanza kutolewa Uganda ilitengenezwa kutokana na virusi vya jamii hiyo hiyo. Mwaka 2014 watafiti walioshughulikia watoto wa Burkina Faso na Nicaragua waliripoti kwamba aina hiyo iliwaambukiza watoto wenye sukari zote mbili tu, ilhali aina nyingine, inayopatikana sana Afrika, iliwaambukiza zaidi watoto wa Burkina Faso wasio na sukari za Lewis. Yaani mlango uliofungwa kwa virusi vya aina moja ulikuwa wazi kwa vingine. Isitoshe, virusi vya chanjo ni virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo pia vinahitaji mahali pa kushika ili viufundishe mwili kujikinga. Nchini Pakistan ilionekana kwamba watoto wasio watoaji waliitikia chanjo kwa udhaifu zaidi.

Matokeo ya Blantyre, Malawi, yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliongeza jambo jingine: watoto wasio watoaji walionekana mara chache zaidi miongoni mwa wale waliougua rota licha ya kuchanjwa. Urithi ule ule unaoweza kudhoofisha mwitikio wa chanjo unaweza pia kumkinga mtoto dhidi ya virusi vyenyewe.

Je, asilimia 49 ni hasara? La. Katika jaribio lile lile la mwaka 2010, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, chanjo ilizuia visa 6.7 vya ugonjwa mkali kwa mwaka nchini Malawi, na visa 4.2 Afrika Kusini. Mahali ambapo ugonjwa ni mwingi, hata kinga isiyo kamili huokoa watoto wengi zaidi. Mzazi wa Rubondo au wa Endiinzi asiache kumpeleka mtoto wake kuchanjwa kwa sababu ya takwimu hizi.

Utafutaji wa chanjo bora unaendelea. Watafiti wa Melbourne wametengeneza chanjo iitwayo RV3-BB kutokana na virusi vya rota vinavyoweza kuambukiza watoto wachanga kabisa, na dozi ya kwanza hutolewa katika siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Jaribio la Indonesia, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kinga ya asilimia 75 dhidi ya ugonjwa mkali hadi miezi 18 kwa watoto walioanza kuchanjwa mapema hivyo, na uchunguzi uliofuata haukuona kwamba sukari za urithi zilibadilisha mwitikio wao. Chanjo hiyo imejaribiwa pia Malawi.

Hakuna kundi lililo bora

Msomaji anaweza kujiuliza ni urithi upi ulio bora. Swali hilo halina jibu moja. Kundi O, linaloumia zaidi kwa kipindupindu, lina faida dhidi ya malaria kali: utafiti wa Mali wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa watoto wa kundi hilo hatari ya malaria kali ilipungua kwa takriban theluthi mbili. Hapo sukari zinazohusika ni zile za chembe nyekundu za damu, si za utumbo. Wasio watoaji, wanaoepuka baadhi ya norovirusi, wamehusishwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe wa kudumu wa utumbo.

Tofauti hizi zimebaki ndani ya jamii zetu kwa sababu kila moja ilimwokoa mtu mahali fulani, wakati fulani. Wala hazifuati mipaka ya makabila kama wengi wanavyodhani. Watoaji na wasio watoaji wamo miongoni mwa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Wanyankole wenyeji wa Isingiro. Anayesema kwamba taifa fulani “lina magonjwa” hana msaada wowote kutoka kwa sayansi hii.

Mama wa watoto watano naye hana hatia kwa sababu tu wawili wameugua. Hakuchagua jeni alizowapa wanawe, kama vile asivyochagua bomba alilopangiwa kuchota maji.

Familia ifanye nini?

Kujua hali yako ya utoaji si lazima, na hakuna haja ya kutafuta kipimo. Ushauri wa kiafya ni ule ule kwa watu wote.

Kwanza, chemsha au tibu maji ya kunywa, yahifadhi katika chombo chenye mfuniko, na nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto.

Pili, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Maziwa hayo yana sukari zinazofanana na zile za ukuta wa utumbo. Baadhi ya vijidudu hushikamana nazo vikidhani vimefika kwenye seli, kisha hutolewa na kinyesi bila kuleta madhara.

Tatu, kamilisha chanjo kwa wakati. Dozi ya kwanza ya rota isicheleweshwe.

Nne, mtoto akianza kuharisha mpe ORS mara moja. Kama hakuna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, na uendelee kumnyonyesha. Sukari iliyo ndani ya ORS si ya utamu tu: utumbo, hata ukiwa mgonjwa, hupokea chumvi pale inapofuatana na sukari, na maji huzifuata. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia njia hii katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, wakati wa vita vya Bangladesh, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Kituo cha afya kitampa mtoto pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Tano, usisubiri ukiona dalili za hatari: mtoto amelegea, macho au utosi umebonyea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kinyesi kina damu, au anaharisha maji meupe kama ya mchele. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo. Wagonjwa waliozidiwa huhamishiwa hospitali kubwa zaidi, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Simu itakapolia usiku kutoka Nakivale, na dada akasema kwamba mdogo ameharisha lakini kaka yake ni mzima, usiulize nani kamroga wala nani hakuosha vyombo. Uliza kwanza: amekunywa ORS?

Makala haya ni ya maelezo ya jumla. Kwa ushauri kuhusu afya yako au ya mtoto wako, muone daktari au mhudumu wa afya.